Msiziite Takataka Kadi Zetu

Mwezi uliopita tulikutana Morogoro, ndugu wote, kupanga vitu vya marehemu baba. Vitabu vyake vya elimu ya udongo tulivipeleka chuoni, redio akachukua kaka, makoti yakagawiwa kwa wazee wa mtaani. Chini ya kitanda cha chumba cha uani likatoka boksi la mabuti ya theluji. Nililijua kabla halijafunguliwa. Ndani mlikuwa na kadi zangu za besiboli, ule mchezo wa Marekani wa kupiga mpira kwa gongo: picha ya mchezaji mbele, takwimu zake nyuma, maelfu, zimepangwa kwa timu, kila fungu limekazwa na rababendi. Rababendi zenyewe zimeshakauka kama tambi. Ukizigusa tu zinakatika.

Mpwa wangu, anayesoma Marekani na alikuwa amekuja likizo, akatoa simu. Dakika haikuisha.

"Mjomba, hizi hazina kitu. Wenyewe kule wanaziita kadi za zama za takataka. Tuwashie jiko tu."

Hakuwa na ubaya. Simu ndiyo iliyomwambia. Lakini nilinyanyuka nikatoka nje, maana koo lilikuwa limenikaba. Kisha nikazidi kujitonesha mwenyewe: nikapiga picha kadi sita ninazozipenda kuliko zote, nikamtumia muuza kadi mmoja wa huko. Akajibu mstari mmoja. Gharama ya posta itazidi bei ya boksi zima, niwape watoto wachezee.

Niwape watoto wachezee! Kwani zilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na leo nautoa wote.

Wanaoziita takataka wanazungumzia kadi zilizochapwa kuanzia kama 1987 hadi 1993 hivi. Jina lao la Kiingereza linaunganisha takataka na nta, kwa sababu pakiti za wakati ule zilifungwa kwa karatasi ya nta. Hoja yao ni fupi. Kampuni ya Topps, iliyolishika soko peke yake tangu 1956, ilishindwa mahakamani mwaka 1980. Mwaka uliofuata wakaingia wapinzani wake, Fleer na Donruss, 1988 akaja Score, 1989 Upper Deck. Kila mmoja akachapa bila kupumua, kadi zikajaa kila nyumba, bei ikafa. Yote hayo ni kweli, sibishani hata na tarehe moja. Ninachokikataa ni pale wanapomalizia kwamba kwa kuwa zilikuwa nyingi, basi hazikuwa na maana.

Sisi tulimfuata baba masomoni Madison, Wisconsin, Marekani, Januari 1987. Nilikuwa na miaka minane, na baridi ile nilidhani ni adhabu ya jambo nililofanya. Tuliishi Eagle Heights, nyumba za wanafunzi wenye familia, vighorofa vilivyopangana karibu na ziwa. Kulikuwa na bustani za pamoja, mama akapata kiploti chake, kiangazi kilipofika akapanda mchicha na maboga ubavuni mwa mama mmoja wa Kikorea aliyepanda pilipili. Watoto tulitoka kila pembe ya dunia, na wengi wetu Kiingereza kilikuwa bado hakijatukubali.

Baba alikuwa mtu wa redio. Mtu aliyezoea kusikiliza Simba na Yanga kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam hahitaji kuwapo uwanjani ili auone mpira. Akafungulia mchezo asioujua, akausikiliza mpaka akaujua. Mtangazaji alikuwa Bob Uecker, aliyeitangaza timu ya Milwaukee Brewers kuanzia 1971 hadi 2024, akafariki Januari 2025. Enzi zake za kucheza alikuwa mpigaji dhaifu, lakini mdomoni hakuwa na mpinzani. Baba alikuwa akiandika tasnifu yake huku sauti ya Uecker ikiwa chini, na ukipita ukaigusa redio utajua ulichokitafuta.

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 19 Aprili. Brewers walikuwa wameshinda mechi zao 11 za kwanza bila kupoteza hata moja, na siku hiyo dalili zote zilionyesha wanalala. Wako nyuma 4 kwa 1, zamu ya mwisho ya kupiga. Mama amepakua wali, baba kashika kijiko hewani. Rob Deer akaupiga mpira ukavuka uzio na wenzake wawili wakiwa njiani, 4 kwa 4. Muda si mrefu Dale Sveum, kijana aliyepangwa wa mwisho kabisa kwenye orodha ya wapigaji, naye akauvusha na mwenzake mmoja akiwa njiani. 6 kwa 4. Baba, mtu mkimya kama ukuta, akaruka akamwaga mchuzi kwenye kitambaa cha meza, na mama hakusema neno kwa sababu alikuwa anacheka. Baba sikumwona vile kabla ya siku hiyo, wala sikumwona tena.

(Walifikisha mechi 13, kisha Mei wakapoteza 12 mfululizo. Baba hakuzima redio hata siku moja.)

Siku chache baadaye akarudi jioni na pakiti ya Topps kutoka kituo cha mafuta. Senti 40, kadi 17.

Ngoja niwaonyeshe ilivyokuwa. Pakiti imebanwa nyuma kwa nta. Unaingiza ukucha chini ya mkunjo, unaisikia inaachia. Harufu inatangulia: sukari, karatasi mpya, na bigijii ya pinki, bapa, ngumu kama kigae, yenye ungaunga mweupe. Ukiitia mdomoni inavunjika vipande kabla haijakubali kutafunwa, na utamu unaisha hujafika kadi ya kumi. Kadi za mwaka ule zilikuwa na fremu iliyochorwa kama ubao, mistari ya mbao kabisa, kama kabati la runinga za zamani. Na ile kadi iliyolala kifua kwa kifua na bigijii ilikuwa inatoka na doa la mafuta lisilofutika.

Rob Deer wangu ana doa hilo. Ninaye hapa mezani ninapoandika. Limegeuka rangi ya chai ya rangi, limeanzia pembeni, limeingia hadi kwenye safu ya takwimu za 1986. Wapimaji wa siku hizi, wanaozipa kadi alama za ubora, wangemkata alama kwa ajili yake. Mimi doa hilo ndilo linaloniambia kwamba kadi hii ilitoka kwenye mfuko wa koti la baba, jioni, akiwa bado na theluji ya matope viatuni.

Seti nzima ilikuwa kadi 792. Posho ya mwanafunzi mwenye watoto watatu haiwezi kununua kadi 792, kwa hiyo tulibadilishana. Kiwanja chetu kilikuwa ngazi za jengo letu. Mmoja anapitisha fungu lake, kadi baada ya kadi, mwingine anatamka: ninayo, ninayo, ninayo, sina! Mimi kwa Kiswahili, jirani wa juu kwa Kikorea, mtoto wa Brazil kwa Kireno. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa, maana "sina" ina pumzi yake, hata ukiisema kwa lugha gani. Mtoto aliyeshuka kwenye ndege juzi, hajui kuomba maji darasani, ulimpa kadi kumi za ziada na kesho yake alikuwa na nafasi yake kwenye ngazi, anapitisha na yeye, anapiga kelele na yeye.

Na tuliweza kumpa kumi kwa sababu zilikuwa nyingi.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke, na nitalirudia mpaka nisikike. Wingi ule wanaoulaani ndio uliotukusanya. Kama zingekuwa chache, zingekaa kwa watoto wa maprofesa upande wa pili wa mji, ndani ya kabati la vioo, na sisi wa Eagle Heights tungeziona kwa mbali. Zilikuwa nyingi ndiyo maana mtoto wa mwanafunzi wa kigeni aliweza kumiliki uso wa Robin Yount, nyota wa Brewers, akalala nao chini ya mto, akaukunja kona, akaununulia urafiki. Niambieni kuna kitu gani kingine cha Marekani wakati ule ambacho mtoto wa kigeni mwenye senti 40 angepata sawasawa na mtoto wa daktari, bila pungufu hata kidogo. Pakiti ilikuwa ni ile ile na bahati ilikuwa ni ile ile. Yeye angeweza kutoka na marudio matupu, na mimi nikatoka na nyota kama Barry Bonds.

Sasa tazameni kadi wanazoziheshimu. Mickey Mantle wa Topps wa 1952, kadi ya nyota wa zamani wa Yankees wa New York, aliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Anathaminiwa kwa nini? Sehemu kubwa ni kwa sababu kadi za toleo lile zilipokosa wanunuzi zilikaa ghalani miaka, na mwaka 1960 Sy Berger wa Topps, kwa simulizi yake mwenyewe, akazipakia kwenye jahazi la taka akaenda kuzimwaga Atlantiki. Yaani ili kadi iitwe hazina, kwanza wenzake wazame baharini. Mimi siwezi kuukubali utaratibu huo wa kupima vitu. Kwetu chakula kikiwa kingi mwaka huo tunashukuru, hatuendi kukimwaga ili kilichobaki kipande bei.

Haya, nikubali lililo lao. Makampuni yalikuwa na tamaa. Hayakutangaza yamechapa kiasi gani, na yaliwaachia watu waamini kwamba boksi la pakiti 36 likifungiwa kabatini litamlipia mtoto ada ya chuo. Kuna wazazi walioamini, wakanunua makatoni, na leo makatoni yapo na ada haipo. Hao walidanganywa na wana haki ya kukasirika. Kijana Brien Taylor, aliyechaguliwa na Yankees mwaka 1991 wa kwanza kati ya vijana wote wapya, kadi zake zilikusanywa kama hati za kiwanja; akaumia bega kwenye ugomvi Desemba 1993 na hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Mgomo wa wachezaji ulioanza Agosti 1994 ukamalizia kilichobaki. Nimekubali.

Lakini aliyetuharibia sisi watoto hakuwa mtu wa mashine ya kuchapa. Alikuwa gazeti la bei.

Lilikuwapo tangu 1984, Beckett, la msomi wa takwimu James Beckett. Kila mwezi linakuja na orodha, jina la mchezaji na tarakimu mbele yake, na mishale midogo ya kupanda na kushuka. Kwa watu wazima lilikuwa na kazi yake. Kwenye ngazi zetu lilifika 1990, kaka wa mtoto mmoja alilinunua, na ndani ya miezi mitatu mchezo ulikuwa umekufa. Kabla ya hapo Yount mmoja alikuwa sawa na yeyote utakayemtaka, kwa sababu wewe unamtaka na mimi ninaye. Baada ya hapo hakuna aliyetoa kadi bila kwanza kupekua ukurasa. Zikaingia kwenye plastiki. Mikono ikaambiwa isiguse.

Nina jambo la kusimulia hapa ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na kadi tatu za Mark McGwire za 1987, za fremu ya ubao. Tatu zinazofanana. Mwaka huo McGwire alivusha uzio mara 49, rekodi kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza iliyodumu hadi 2017, na yule mtoto wa Brazil alimpenda kuliko ndugu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka miwili. Alikuwa hana hata mmoja. Mwanzoni nilikuwa nimeshamwahidi, kisha nikasoma gazeti, nikaona zimeandikwa dola kadhaa kila moja, nikamwambia subiri. Akaleta kadi ishirini abadilishane, nikakataa. Akaleta vyote alivyonavyo ndani ya mfuko wa plastiki wa duka, akaniwekea magotini, nikakataa. Juni ile baba yake alihitimu wakaondoka. Nilimwona kwenye gari amegeukia dirisha la upande wa pili.

Zote tatu zilikuwamo kwenye boksi Morogoro. Tatu, zimelaliana, safi kabisa, hazina kona iliyokunjwa, kwa sababu hakuna aliyezigusa. Huyo mpwa wangu anasema leo ni bei ya soda.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la zama zile ni wingi, namwona hajui anachokisema. Nilikuwa na tatu! Wingi ulikuwa umeshafanya kazi yake, umeniwekea mkononi moja ya kwangu, moja ya rafiki, na moja ya ziada. Ni bei iliyonifunga mkono.

Na tiba waliyoipata je? Fleer ilifilisika, Score ilikwenda kabla yake. Bigijii iliondolewa kwenye pakiti za Topps mwaka 1992, ili isichafue kadi. Leo kuna kadi inayochapwa moja tu duniani nzima, kwa makusudi. Kuna boksi la mamia ya dola. Kuna watu wazima wanaolipia fungu la timu moja halafu wanakaa mbele ya simu kumtazama mtu baki akiwafungulia pakiti. Kadi inatoka mkononi mwa yule, inakwenda kwa mpimaji, inarudi imezikwa kwenye plastiki ngumu na alama kichwani. Mtoto yuko wapi hapo?

Kitu kimoja zaidi, maana hakisemwi. Migongo ya kadi zile ndiyo iliyonifundisha kusoma. Darasani nilikuwa bubu, lakini mgongoni mwa kadi niliweza kurudia mstari mara mia bila mtu kunicheka. Nukta za desimali nilizijua kabla mwalimu hajafika huko, kwa sababu nilitaka kujua kwa nini mpigaji mwenye wastani wa .312 ni bora kuliko mwenye .289. Gary Sheffield wa Upper Deck wa 1989, kijana wetu wa Brewers, chapa ya kwanza ya kadi yake ilitoka na herufi za nafasi anayocheza zimeandikwa juu chini, baadaye wakarekebisha. Ninayo ile ya makosa. Nilipojua kwamba Dwight Gooden, mrushaji wa timu ya Mets ya New York, ni mjomba wake Sheffield, mjomba kabisa, kaka wa mama, nilikimbia jikoni kumwambia mama kwamba hata huku kuna wajomba. Akaniambia niandike barua nyumbani niwaambie. Niliandika.

Boksi sikuliwasha moto. Siku ile ile jioni nililibeba hadi kibarazani nikaanza kutoa rababendi zilizokatika. Binti wa jirani, ana miaka kama saba, akaja akasimama kando, kisha akachuchumaa. Hajui besiboli ni nini. Alinisaidia kupanga kwa rangi ya kofia. Alikuwa akiokota kadi kwa mkono wa kushoto, na kila bibi yake alipopita alimgonga kidogo begani, naye akahamishia kulia, bibi akipita anarudi kushoto.

Nikamtafuta Teddy Higuera. Alitoka Mexico, 1986 aliishindia Brewers mechi 20. Nikageuza mgongo wa kadi nikamwonyesha kwa kidole palipoandikwa mkono anaorushia, nikamsomea.

"Kushoto?" akauliza.

"Kushoto."

"Na hawakumkataza?"

Nikamwambia walimlipa. Akaitazama kadi muda mrefu, mbele na nyuma, akauliza kama ninayo nyingine kama ile, maana hataki kunimalizia. Nilikuwa nazo nne. Akaichukua akaenda nayo kwao, kaishika kwa mkono wa kushoto, bibi yake akimwangalia.